Kumpokea Mtoto Meru na Embu: Saa ya Kwanza Kifuani (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulimwacha mama akisukuma kwa mara ya mwisho. Sasa mtoto ametoka kwa njia ya kawaida, amelia, na mkunga amemdaka. Leo nataka tukae kwenye saa moja tu inayofuata, kwa kuwa naamini ndiyo tunayoipoteza ovyo kuliko zote.

Miteremko ya Mlima Kenya ina baridi. Mwezi wa Julai, ukungu ukishuka juu ya majani ya chai ya Embu na Imenti kule Meru, hata mtu mzima hutafuta moto. Mtoto ametoka kwenye joto la nyuzi 37 akiwa amelowa, na mwili wake hauna akiba kubwa ya joto. Kinga yake ya kwanza ni kifua cha mama. Mkunga humpangusa upesi, akaondoa kitambaa kilicholowa, akamlaza kifudifudi, ngozi kwa ngozi, kisha akawafunika wote wawili kwa leso na blanketi. Mkunga mzoefu haipangusi mikono ya mtoto. Harufu ya maji ya uzazi iliyobaki viganjani inafanana na ya titi, nayo humwonyesha njia. Mwache tu, umtazame. Atatulia, afumbue macho. Atalamba kiganja, asukume kwa miguu, kichwa kiyumbeyumbe, hadi mdomo uipate chuchu. Nimeliona jambo hili mara nyingi na bado hunyamaza kila linapotokea.

Kitovu nacho hakitaki haraka. Shirika la Afya Duniani hushauri kingoje angalau dakika moja kabla ya kubanwa, maana damu ya mtoto iliyo kwenye kondo bado inarudi kwake, pamoja na madini ya chuma atakayoyahitaji miezi ijayo. Na anaponyonya mapema, mji wa mimba hukaza, kutokwa damu kwa mama kukapungua. Hilo si dogo katika nchi ambamo kuvuja damu baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wazazi.

Wakunga wa jadi walizalisha nyumbani kwa vizazi vingi. Hospitali za misheni zilifuata: Chogoria mwaka wa 1922, Maua mwaka wa 1928. Leo wengi hujifungulia hospitalini. Utafiti wa kitaifa wa afya ulionyesha kwamba waliojifungulia kwenye vituo vya afya Kenya walipanda kutoka asilimia 61 mwaka wa 2014 hadi 82 mwaka wa 2022. Ni hatua kubwa. Lakini wodi ikifurika, mtoto mzima wa afya huchukuliwa, hupimwa uzani, huvishwa, hulazwa pembeni, na mama hubaki akiuliza yuko wapi. Uzani hautabadilika kwa kungoja saa moja.

Nyumbani mila zetu zina utajiri wake. Wanawake huja na kuni na ndizi, njahi huchemka ili maziwa yajae, uji wa wimbi haukauki sufuriani, na mama hupumzishwa. Jina nalo lina uzito: Waembu huwarithisha watoto majina ya nyanya na babu, na Meru utakutana na Makena, mwenye furaha, au Kawira, mchapakazi. Yote hayo nayapenda.

Ninachowaomba nyanya ni hiki. Uji ule ni wa mama. Mtoto asipewe maji ya sukari wala maji ya moto. Maziwa ya kwanza yale mazito ya manjano yanamtosha, na baada yake maziwa ya mama pekee hadi miezi sita. Kuogeshwa kungoje saa 24. Na mtakapofika mlangoni na vigelegele vyenu, mkimkuta bado yuko kifuani, mwacheni hapo, mkae mngoje.