Diski ngumu kwa kompyuta za zamani: Mambo ya kujua kabla ya kununua

Mwaka 2014, katika mji wa Pittsburgh nchini Marekani, wataalamu wa kompyuta walifanikiwa kusoma flopi za msanii Andy Warhol, aliyefariki mwaka 1987. Ndani yake walikuta picha alizochora mwaka 1985 kwa kompyuta aina ya Amiga. Kwa karibu miaka 30 hakuna aliyeziona.

Flopi ni kisahani chembamba cha plastiki kilichopakwa unga wa sumaku. Miaka ikipita, sumaku hudhoofika na ukungu huingia. Nchini Uingereza na Ujerumani, ambako Amiga zilipendwa sana, bado wapo watu wenye barua, muziki na michezo yao ya utotoni kwenye flopi za namna hiyo. Wengi wanataka kuhamishia vitu hivyo kwenye diski ngumu kabla havijapotea. Lakini diski ngumu haichomekwi popote tu.

Kiunganishi ni nini?

Kompyuta na diski ngumu ni kama watu wawili wasiojua lugha moja. Katikati panahitajika mkalimani, yaani kadi au kisanduku chenye saketi za kupokea maombi ya kompyuta na kuyafikisha kwenye diski. Hicho ndicho kiunganishi.

Miaka ya 1980 kila kampuni ilitengeneza kompyuta kwa njia yake. Kiunganishi cha Commodore 64, iliyotoka mwaka 1982, hakifai kwa Amiga. Hata ndani ya familia ya Amiga yenyewe kuna tofauti.

Amiga 500, iliyotoka mwaka 1987, haikuwa na diski ngumu. Ilitumia flopi za kilobaiti 880. Aliyetaka diski ngumu alinunua kisanduku kama A590 cha kampuni hiyo hiyo ya Commodore, kilichochomekwa ubavuni upande wa kushoto. Kilibeba megabaiti 20. Memori kadi ya simu ya gigabaiti 32 hubeba kiasi hicho takriban mara 1,600.

Amiga 600 na Amiga 1200, zilizotoka mwaka 1992, zina tundu la diski ngumu ndani, lenye pini 44. Tundu hilo ni la aina iitwayo IDE, ambayo baadaye ilienea kwenye kompyuta nyingi za ofisini na za kupakata.

Kwa nini kadi badala ya diski ya zamani?

Commodore ilifilisika mwaka 1994, na diski za wakati huo zinazidi kuchakaa. Ndani yake kuna visahani vinavyozunguka kwa kasi, na mota ikikwama, diski haisomeki tena.

Bahati nzuri ni kadi za CompactFlash, zilizotumika kwenye kamera za miaka ya nyuma. Kadi hizo zinaweza kuzungumza lugha ya IDE zenyewe, hivyo kinachohitajika ni kipande kidogo cha kubadilisha mpangilio wa pini. Hazina kitu kinachozunguka na hutumia umeme kidogo. Kadi ndogo ya simu haizungumzi lugha hiyo. Nayo inaweza kutumika, ila kwa kifaa chenye chipu ya kutafsiri.

Mnunuzi aulize nini?

Kwanza, ni kompyuta ya modeli gani hasa? Jina la "Amiga" peke yake halitoshi.

Pili, ina toleo gani la programu ya kuwashia, iliyomo kwenye chipu ndani ya mashine? Amiga 500 yenye toleo 1.2 haiwezi kuwaka moja kwa moja kutoka diski ngumu, yenye 1.3 inaweza. Baadhi ya Amiga 600 za mwanzo zina tundu la diski, lakini programu yake haiitambui diski. Hapo lazima chipu ibadilishwe.

Tatu, kadi ina ukubwa gani? Programu za awali za mashine hizi hupata shida zikivuka gigabaiti 4. Kadi ndogo inatosha kabisa.

Nne, je, muuzaji anatoa pia programu ya kuendeshea kiunganishi? Bila hiyo, kifaa kizima kinaweza kuonekana kibovu.

Tahadhari

Zima mashine na uchomoe waya wa umeme kabla ya kuchomeka chochote. Kuchomeka mashine ikiwa inawaka kunaweza kuunguza chipu ambazo hazitengenezwi tena. Waya wa diski ukigeuzwa, pini nambari 1 haikutani na mwenzake, na hilo nalo huleta hasara.

Amiga 500 nyingi ziliongezewa kadi ya kumbukumbu yenye betri ndogo ya saa. Betri hiyo huvuja na kimiminika chake cha alkali hula njia za umeme. Ifungue uitazame kwanza. Ukiona ukijani au unga mweupe, mpelekee fundi kabla ya kuwasha.

Na flopi yenye ukungu isiingizwe kwenye mashine kabla ya kusafishwa, kwani huchafua kichwa cha kusomea, na kichwa kichafu huharibu flopi inayofuata. Ikishasafishwa na kusomeka, nakili yote yaliyomo siku hiyo hiyo. Huenda isisomeke mara ya pili.