Wanyama Katika Fedha

Wasomaji wetu, neno "fedha" lina maana mbili katika lugha yetu: ni madini meupe yafanywayo pete na bangili, tena ni sarafu itumikayo sokoni. Maana hizi hazikukutana kwa bahati tu. Zamani, katika Nyanda za Juu za Kusini, yaani Iringa na Mbeya na nchi za jirani, wahunzi walifua chuma. Wakinga walisifiwa kwa majembe yao, ambayo waliwauzia Wanyakyusa. Mapambo ya watu yalikuwa ya chuma, ya shaba, ya shanga na ya pembe. Fedha ilikuja baadaye kutoka pwani, nayo ilikuja katika umbo la sarafu. Twapenda kueleza jinsi madini haya yawezavyo kuchukua sura za wanyama wa nchi hii, na kwa nini kazi hiyo yataka busara.

Sarafu zilizojulikana sana pwani ni reale za Maria Theresa wa Austria, zenye mwaka wa 1780. Kila moja ilikuwa na uzito wa gramu 28, na zaidi ya gramu 23 ndani yake zilikuwa fedha safi. Masonara wa Unguja na Lamu waliziyeyusha wakafanya bangili na mafurungu. Juu ya reale alichorwa tai mwenye vichwa viwili. Kisha, tangu mwaka 1890, ikaja rupia ya Kampuni ya Kidachi, yenye simba aliyesimama mbele ya mti. Baada yake ikaja shilingi ya mwaka 1921, yenye simba mbele ya milima. Lakini shilingi ile ilikuwa na robo tu ya fedha, hata mwaka 1948 fedha ikaondolewa kabisa. Fedha iliyokuwamo katika reale moja ilitoshana na ile ya shilingi kumi na mbili.

Basi tazameni: fedha ilipofika ilikuwa tayari na wanyama juu yake. Lakini tai yule na simba wale walikuwa alama za watawala wa mbali. Wanyama wa hapa walikuwa na maneno yao wenyewe, ila hawakuwa wamechorwa katika fedha.

Tutoe mfano wa chatu. Wataalamu Godfrey na Monica Wilson, walioishi Unyakyusa katika miaka ya 1930, waliandika habari zake kwa urefu. Wazee waliamini kwamba wakuu wa vijiji wana chatu tumboni, na kwa nguvu zake huwaona katika ndoto wachawi wajao usiku, wakapigana nao na kukilinda kijiji. Lakini mchawi naye alisemekana kuwa na chatu wake. Nyoka ni yule yule. Tofauti ilikuwa katika kazi aliyotumwa.

Kadhalika koo nyingi za nchi hizi zilikuwa na mwiko wao: mnyama ambaye watu wa ukoo hawamli, kwa sababu ya jambo lililowapata wakubwa wao wa kale. Kisha kuna wanyama wa hadithi za jioni: sungura mwenye hila, fisi mwenye tamaa, na kobe ambaye huenda polepole lakini hufika. Hao kila mtoto awajua, wala hawamtishi mtu.

Kwa hiyo, fundi anayetaka kufua bangili ya chatu yampasa kwanza aulize itavaliwa na nani. Umbo lenyewe lafaa sana, maana bangili hujizungusha mkononi kama nyoka ajizungushavyo. Lakini mzee mmoja ataiona akakumbuka mlinzi wa kijiji, na mwingine ataiona akashtuka.

Kazi yenyewe huenda hivi. Fedha safi ni laini mno, kwa hiyo huchanganywa na shaba kidogo; kipimo kijulikanacho sana ni sehemu 925 za fedha katika 1,000. Fedha safi huyeyuka kwa joto la digrii 961 za Selsiasi. Ikichanganywa na shaba huhitaji joto lililo pungufu kidogo. Fundi huimimina katika kalibu ipate kuwa ufito, kisha huufua kwa nyundo. Kadiri apigavyo ndivyo fedha inavyokuwa ngumu; asipoirudisha motoni mara kwa mara, itapasuka. Magamba huyapiga moja moja kwa kipande cha chuma chenye ncha, kichwa hukiunga kwa lihamu, na mwisho husugua mpaka ing'ae.

Tena kuna jambo kubwa kuliko uzuri. Zamani aliyetaka nguvu za simba alivaa kucha za simba mwenyewe, na aliyetaka heshima ya tembo alivaa bangili ya pembe. Siku hizi vitu hivyo ni nyara za serikali, na kuwa navyo bila kibali ni kosa. Nayo sheria ina sababu. Katika nchi ya Ruaha na Rungwa, upande wa magharibi wa Iringa, hesabu ya mwaka 2009 ilionyesha tembo zaidi ya 30,000. Hesabu ya mwaka 2013 ilionyesha 20,000 hivi. Biashara ya pembe ilikuwa imewala.

Hapo ndipo ufundi wa fedha unapoweza kutusaidia. Ukucha uliofuliwa kwa fedha wachukua maana ile ile ya ushujaa, na simba abaki porini na kucha zake. Lakini maana hiyo haimo katika madini. Imo katika vinywa vya wazee. Twawasihi mafundi vijana wa Iringa na Mbeya: kabla hamjawasha moto, nendeni mkawaulize wazee habari za mnyama mnayetaka kumfua, mziandike. Sarafu iliyoyeyushwa yaweza kupatikana nyingine. Mzee akiondoka na maneno yake, hayapatikani tena.