Banyuls: Mji wa Mizabibu Mlimani

Mahali ambapo milima ya Pyrenees, igawayo Ufaransa na Hispania, inashuka hata kufika baharini, upo mji mdogo uitwao Banyuls-sur-Mer. Wenyeji wake hawatimii 5,000. Mtu hodari wa kwenda kwa miguu aweza kuvuka mlima na kufika Hispania kwa saa chache. Lugha ya asili ya huko ni Kikatalani, nayo husemwa pande zote mbili za mpaka. Kwa maana nchi hiyo ilikuwa ya mfalme wa Hispania mpaka mwaka wa 1659, ulipofanywa mkataba ulioitia katika Ufaransa. Wafalme waligawana milima, lakini watu walizidi kupita katika vijia vyao vya zamani, na wengine wao kwa magendo.

Msomaji aliyepata kuchimba matuta kwenye mteremko ataielewa kazi ya watu wa Banyuls kuliko mgeni aliyekwenda huko kuoga baharini. Udongo wao ni haba, nao umelala juu ya mawe ya matabaka yanayopasuka kama vibamba. Mvua si nyingi, lakini wakati wa vuli huweza kunyesha kwa ghadhabu na kuuchukua udongo hata baharini. Kwa hiyo wazee wa zamani waliyatoa mawe shambani, wakayapanga yakawa kuta, pasipo chokaa wala saruji, ukuta juu ya ukuta, kutoka bondeni hata juu sana mlimani. Kisha wakajenga mifereji ya mawe ishukayo kwa mshazari na kukutana, mfano wa vidole vya jogoo. Na kwa Kikatalani huitwa peu de gall, yaani mguu wa jogoo. Maji ya mvua hushuka kwa mifereji hiyo, na udongo hubaki mahali pake.

Sehemu nyingi trekta haiwezi kupita. Kazi hufanywa kwa jembe la mkono, au kwa nyumbu, na zabibu hukatwa kwa mkono. Na baada ya taabu yote hiyo mavuno ni kidogo. Sheria ya divai ya Banyuls, ambayo jina lake lilipewa ulinzi wa serikali mwaka wa 1936, hairuhusu kupita lita 3,000 kwa hekta, yaani kama lita 1,200 kwa ekari. Na wengi hawafikii kiasi hicho.

Divai yenyewe ni tamu, wala haikutiwa sukari. Maji ya zabibu yakianza kuchachuka, sukari yake hugeuka kidogo kidogo kuwa kileo. Kabla haijaisha, mtengenezaji humimina spiriti kali ya zabibu. Hamira hufa, na sukari iliyosalia hubaki. Ufundi huo husemwa kuwa ulitoka kwa tabibu Arnau de Vilanova wa karne ya 13. Nyingine hutiwa katika machupa makubwa ya kioo na kuachwa nje, juani na baridini. Jua ambalo lingeiharibu divai ya mahali pengine ndilo liivishalo hii.

Katika mwaka wa 1940 vijia vile vya magendo vilipata kazi nyingine. Ufaransa ilikuwa imeshindwa na Wajerumani, na Wayahudi na maadui wa Hitler waliokuwa wamekimbilia huko wakawa mtegoni, kwa kuwa serikali mpya haikuwapa ruhusa ya kutoka. Meya wa Banyuls, Bwana Vincent Azéma, alimweleza Bibi Lisa Fittko, ambaye naye alikuwa mkimbizi, njia ya kuvukia mlima. Wakimbizi waondoke kabla ya mapambazuko pamoja na watu waendao kwenye mizabibu, wasichukue mizigo, wala wasiseme neno.

Mwezi wa Septemba Bibi huyo alimwongoza Walter Benjamin, mwandishi Mjerumani wa miaka 48, mgonjwa wa moyo. Bwana huyo alitazama saa, akatembea dakika 10 na kupumzika dakika 1, akiwa na mkoba mzito wenye maandiko yake. Akafika Portbou, upande wa Hispania, na polisi wakamwambia kwamba atarudishwa Ufaransa. Alifia huko tarehe 26 Septemba. Yaaminiwa kwamba alimeza sumu mwenyewe. Wenziwe wakaachiwa kuendelea na safari. Maandiko yale hayakuonekana tena.

Lisa Fittko na mumewe Hans walikaa Banyuls hata mwaka wa 1941, wakivusha wengine. Kadhalika mchonga sanamu Aristide Maillol, aliyezaliwa mji huo mwaka wa 1861, alimwonyesha Dina Vierny, msichana aliyekuwa kielelezo cha sanamu zake, vijia vya mlimani, naye akavusha watu.

Leo njia ya Benjamin imewekwa alama, na watembeaji huifuata mpaka Portbou. Lakini atazamaye pembeni ataona kuta zilizobomoka na mizabibu iliyomezwa na kichaka. Mwaka wa 2018 ufundi wa kujenga kuta za mawe makavu ulitiwa katika orodha ya UNESCO, kwa ajili ya Ufaransa na nchi nyingine kadha. Ni heshima njema, ila orodha haiinui jiwe lililoanguka. Mwezi wa Aprili 2023, baada ya ukame mrefu, moto uliteketeza karibu hekta 1,000 kati ya Cerbère na Banyuls. Moto hupita upesi kichakani, na hukawia ufikapo kwenye mizabibu iliyopaliliwa. Hivyo shamba lililoachwa ni hasara ya jirani pia. Na ukuta wake ukianguka, maji huzishukia kuta za wale walio chini.