Kutoka na Kutoa: Neno Moja kwenye Karatasi ya Hospitali

Tuseme mama mmoja wa Gatwekera, kimoja cha vijiji vya Kibera jijini Nairobi, ana mimba ya miezi mitatu. Usiku wa manane tumbo linamkata na damu inaanza kutoka. Mumewe anamshika mkono, wanapita vichochoroni kwa mwanga wa simu hadi barabarani, wanapata bodaboda, wanafika hospitali. Anasafishwa, anaongezwa damu, na siku ya pili anaruhusiwa kurudi nyumbani. Kwenye karatasi anayopewa, mstari wa ugonjwa umeandikwa kwa Kiingereza: "incomplete abortion". Shemeji yake aliyemaliza kidato cha nne anaisoma. Neno hilo analijua kutoka kwenye midahalo ya shuleni na mahubiri ya Jumapili, na huko lilikuwa na maana moja tu. Kabla jua halijatua, ploti nzima inanong'ona kwamba mama fulani ametoa mimba.

Hakutoa. Mimba ilitoka. Aliyeandika karatasi ile hakumsingizia. Alitumia neno la kazi yake kama alivyofundishwa. Shemeji naye alilisoma kama lilivyo kwenye kamusi ya watu wote. Kosa limeingia kati ya kamusi mbili zinazotumia herufi zilezile kwa maana zisizolingana, na anayelilipia ni mwanamke ambaye bado anavuja damu.

Katika kamusi za tiba, "abortion" ni mimba kukoma kabla kijusi hakijafikia umri wa kuweza kuishi nje ya tumbo la mama. Maana hiyo haiulizi nani alifanya nini. Ikiwa mimba imekoma yenyewe, daktari huongeza neno "spontaneous". Ikiwa imekomeshwa kwa dawa au kwa kifaa, huongeza "induced". Habari ya chanzo imebebwa na kivumishi. Nomino yenyewe husema tu kwamba mimba ile haipo tena, au haiwezi kuendelea. Katika toleo la 10 la orodha ya kimataifa ya magonjwa inayotolewa na Shirika la Afya Duniani, mimba iliyotoka yenyewe imepewa alama O03 kwa jina la "spontaneous abortion", na iliyokomeshwa na wahudumu wa afya inaifuata kwenye O04. Zote mbili zina jina moja la ukoo. Na pale neno "incomplete" linapotangulia, linaeleza hatua mimba ilipofikia katika kutoka, si jinsi ilivyoanza kutoka.

Asili ya neno inawaunga mkono madaktari. Limetokana na kitenzi cha Kilatini "aboriri", chenye ndani yake "oriri", yaani kuchomoza, kama jua linavyochomoza. Maana ya mwanzo ilikuwa kutoweka kwa kitu kilichokuwa kinataka kuchomoza. Hakuna mkono wa mtu ndani yake. Kiingereza kililipokea neno hilo katika karne ya 16, na kadiri miaka ilivyokwenda wasemaji wa kawaida wakaligawa: iliyotoka yenyewe wakaiita "miscarriage", iliyotolewa wakaiachia "abortion". Kamusi za jumla kama Merriam-Webster bado zinaonyesha maana zote mbili, lakini msomaji husimama kwenye ile anayoisikia redioni kila siku.

Mwaka 1985 Profesa Richard Beard wa London na wenzake wawili waliandika katika jarida la The Lancet wakiwasihi madaktari watumie "miscarriage" kwa mwanamke aliyepoteza mimba bila kutaka, kwa kuwa lile neno jingine lilimwongezea machungu. Mwaka 2005 chama cha Ulaya cha wataalamu wa uzazi, ESHRE, kikapendekeza hivyohivyo. Uingereza ilibadilika. Huku kwetu, mafaili mengi bado yanaandikwa kwa msamiati wa zamani, na msamiati huo unashuka hadi vijijini Kibera pamoja na mgonjwa.

Kwa hiyo yafaa msomaji ajue maneno hayo ya wodini yana maana gani. Mimba inayotishia kutoka ni ile ambayo damu inaonekana lakini mlango wa kizazi bado umefungwa. Mimba nyingi za namna hii huendelea salama. Mlango ukishafunguka na damu kuzidi, hapo mimba haizuiliki tena. Ikitoka na mabaki yakasalia ndani, kama ilivyokuwa kwa mama wa mfano wetu, ndiyo "incomplete", na mabaki hayo mara nyingi huondolewa kwa dawa au kwa pampu ndogo ya kufyonza, kwa kuwa ndiyo yanayoendeleza damu na kukaribisha vijidudu. Ikitoka yote, mlango wa kizazi hujifunga wenyewe. Ipo pia inayofia ndani bila dalili kubwa, mama akaja kujua siku ya kupimwa kwa mashine ya picha. Na ya kutisha zaidi ni iliyoingiwa na maambukizi: homa, uchafu unaonuka, maumivu makali. Hiyo huua.

Kati ya mimba 100 zinazojulikana kuwapo, 10 hadi 20 hivi hutoka zenyewe, nyingi katika miezi mitatu ya kwanza. Karibu nusu ya hizo za mwanzoni zilikuwa na kasoro katika kromosomu, hitilafu iliyoingia tangu siku mbegu na yai zilipokutana. Ndoo ya maji aliyobeba mama haikuhusika, wala jicho la jirani. Kila ploti ya Gatwekera ina mwanamke aliyepitia jambo hili akanyamaza, na wengine walinyamaza kwa kuogopa neno tu.

Kamusi zinatofautiana hata kuhusu umri. Shirika la Afya Duniani hutumia wiki 22 au uzito wa gramu 500 kuwa mpaka wa kitabibu, na wiki 28 linapolinganisha takwimu za watoto waliozaliwa wafu baina ya nchi na nchi. Sheria ya Kenya ya kuandikisha vizazi na vifo nayo inahesabu kuzaliwa kuanzia baada ya wiki ya 28. Mama aliyempoteza mwanawe wiki ya 25 basi amezaa mtoto mfu kwa kipimo kimoja, na kwa kingine mimba yake imeharibika. Msiba wake ni uleule.

Ukiingia kwenye sheria, maneno yanapinduka. Kifungu cha 158 cha Sheria ya Adhabu ya Kenya kinamtishia kifungo cha miaka 14 mtu anayempa mwanamke kitu au kumfanyia tendo kinyume cha sheria kwa nia ya kuitoa mimba. Cha 159 kinampa mwanamke mwenyewe miaka 7. Cha 160 kinampa miaka 3 anayetoa dawa au vifaa. Lugha ya vifungu hivyo imerithiwa kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka 1861, na tendo linaloadhibiwa linaitwa humo kusababisha "miscarriage". Yaani neno ambalo madaktari wa London walilichagua mwaka 1985 ili kumfariji aliyepoteza mimba ndilo sheria yetu inalolitumia kutaja kosa. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 26(4), inatumia "abortion" bila kuifasili: hairuhusiwi, isipokuwa kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikaeleza mtaalamu huyo ni nani, ikiwataja maafisa wa tiba, wauguzi, wakunga na maafisa wa kliniki. Mwongozo wa Wizara ya Afya uliotolewa mwaka 2012 kuwaelekeza wahudumu hao uliondolewa mwaka uliofuata, na Juni 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu wakaamua kwamba uliondolewa kinyume cha sheria. Muuguzi aliyekuwa zamu miaka ile alifanya kazi huku hajui neno aliandikalo litasomwa na daktari mwenzake au na polisi.

Jambo moja katika Katiba halina utata. Kifungu cha 43(2) kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Mwanamke anayevuja damu atibiwe, iwe mimba ilitoka au ilitolewa. Utafiti wa Wizara ya Afya na kituo cha APHRC cha Nairobi ulikadiria kwamba mwaka 2012 mimba 464,690 zilitolewa nchini, na wanawake karibu 120,000 wakatibiwa hospitalini kwa madhara yaliyofuata. Wengine huchelewa kufika kwa hofu ya swali watakaloulizwa mlangoni.

Kiswahili chetu kina la kutufundisha hapa. Mimba hutoka, mtu huitoa. Mimba huharibika, mtu huiharibu. Hata "avya", neno la magazeti na mitihani ya Kenya, ni "toa" kwa asili: kwa Kiamu "kuawa" ni kutoka, na kama lewa inavyozaa levya, ndivyo awa inavyozaa avya. Kijaluo kinachosikika sana Gatwekera nacho kina "wuok" na "golo", toka na toa. Sheng wamebadilisha nomino tu, wakasema kutoa ball, lakini kitenzi hawakukigusa.

Sasa rudi kwenye maana ya daktari: mimba kukoma kabla ya wakati, bila kumtaja mtendaji. Kwa Kiswahili hiyo si "kuavya" wala "kutoa mimba". Ni mimba kuharibika. Kauli ya kutendeka hueleza lililotokea bila kumnyooshea mtu kidole, kama "aboriri" ya Warumi. Tunapoitafsiri kila "abortion" ya wodini kuwa uavyaji, tunamtia mtendaji pale ambapo tiba haikumtaja. Tanzania matibabu haya huitwa huduma baada ya mimba kuharibika, na jina hilo linafaa kuigwa: mwanamke anaweza kulitamka kwa sauti mbele ya foleni.

Wapo watakaosema basi tuandike "imetoka yenyewe" kwa kila aliyepoteza bila kutaka, ili asafike jina. Naielewa huruma hiyo, ila naiogopa. Siku wachache wakiandikiwa "yenyewe", kila karatasi isiyo na neno hilo itakuwa hati ya mashtaka, na aliyetoa atakaa nyumbani na homa yake kuliko kuichukua karatasi hiyo. Kuharibika kunawatosha wote wawili. Chanzo, pale kinapohitajika kwa matibabu, ni siri ya mgonjwa na mhudumu wake, na kikae katika faili.

Ninaloomba basi ni mstari mmoja wa Kiswahili chini ya ule wa Kiingereza, kwenye kila karatasi inayotoka wodini kwenda vijijini Kibera: "Mimba imeharibika, mabaki yameondolewa." Kisha dalili za kumrudisha hospitali haraka: damu inayojaza pedi mbili kwa saa kwa saa mbili mfululizo, homa, uchafu unaonuka, maumivu yanayozidi, kizunguzungu au kuzimia. Vilevile wahudumu wa afya ya jamii wanaotembea mlango kwa mlango wafundishwe kusema hivyohivyo.

Gatwekera karatasi ya hospitali haisomwi na mgonjwa peke yake. Chumba ni kimoja, ukuta ni wa mabati, na mwenye kujua Kiingereza huitwa asome kwa sauti. Shemeji akifika kwenye mstari huo wa pili, atakachosoma ni kwamba damu ikizidi mama arudishwe hospitali, naye atajua kazi yake usiku huo ni kukaa macho na simu yenye chaji.