"Kiwango" na "Usalama" katika Istilahi za Programu za Magari

Mfasiri mmoja wa hapa Songea alituletea rasimu ya mwongozo wa mafundi magari. Sentensi yake moja ilisema: "Kiwango hiki kina viwango vinne vya usalama." Fundi aliyesomewa aliuliza kama atahitaji vyeti vinne. Kosa halikuwa lake.

Kiwango kilichotajwa ni ISO 26262, kilichotolewa na Shirika la Kimataifa la Viwango mwaka 2011 na kurekebishwa mwaka 2018. Chaeleza namna ya kubuni na kupima vifaa vya umeme na programu zinazoongoza breki, usukani na injini, ili hitilafu ikitokea isilete maafa. Kila hatari hukadiriwa kwa ukubwa wa madhara yake, kwa wingi wa nafasi za kutokea, na kwa uwezo wa dereva kuidhibiti. Kisha hupewa herufi, A hadi D, na D ndiyo yenye masharti makali kuliko zote. Kwa kuwa Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa mwaka 1975, limekwisha kulizoesha taifa neno "kiwango" kwa maana yake, si busara kulitwika maana ya pili. Herufi hizo tunapendekeza ziitwe madaraja.

Neno "usalama" lina utata mzito zaidi. Husemwa usalama barabarani, husemwa Usalama wa Taifa, wala hakuna achanganyaye. Katika maandishi ya programu mambo ni mengine. Mwaka 2014 Toyota iliagiza magari ya Prius yapatayo milioni 1.9 yarudishwe kwa matengenezo, kwa kuwa programu yake iliweza kulifanya gari lipunguze mwendo au lisimame njiani. Adui hakuwapo. Mwaka 2015 Fiat Chrysler iliagiza vivyo hivyo magari milioni 1.4, baada ya watafiti wawili kuingia kutoka mbali katika mitambo ya Jeep Cherokee iliyokuwa barabarani. Hapo palikuwa na mkono wa mtu. Jambo hili la pili lina kiwango chake, ISO/SAE 21434 cha mwaka 2021. Fundi anayetafuta chanzo cha ajali hana budi kujua ni lipi kati ya mawili aandike.

Twapendekeza "usalama" kwa la kwanza na "ulinzi" kwa la pili. Wapo wanaolalamika kwamba "ulinzi" hukumbusha mlinzi wa lango. Naam, kazi ni ile ile.

Sentensi ya mfasiri sasa yasomeka: "Kiwango hiki kina madaraja manne ya usalama." Fundi ameelewa, akauliza gari lake li daraja gani. Tumemjibu kwamba daraja hupewa kazi moja moja, kama kufunga breki, wala si gari zima.