SPIKA ZA GARI ZINAPOKATAKATA SAUTI

Gari la abiria lilikuwa linarudi kutoka gulioni. Redio ilikuwa inatoa matangazo ya vifo. Abiria wote walinyamaza. Mtangazaji alisema, "Marehemu alikuwa mkazi wa..." Mara sauti ikakatika. Iliporudi, tangazo lilikuwa limekwisha.

"Amesema wa wapi?" aliuliza mama mmoja. Hakuna aliyejua. Mama yule alikaa na wasiwasi njia nzima.

Kesho yake dereva alikwenda mjini. Alikuwa na fedha za kununua tairi. Akanunua spika mbili mpya, akazifunga. Gari lilipofika kwenye makorongo, sauti ilikatika tena. Kumbe spika hazikuwa na kosa.

Ndugu msomaji, spika iliyokufa kwa kawaida haitoi sauti kabisa. Spika inayosema na kunyamaza, mara nyingi ni nzima. Mara nyingi kilicholegea ni waya. Kwa hiyo tafuta kosa kwanza, ndipo utoe fedha.

Umeme hupita wapi?

Betri ya gari dogo ina umeme wa volti 12. Umeme huo hufika kwenye redio kwa waya wa chanya, ambao hupitia kwenye fyuzi. Hurudi kwenye betri kwa waya wa hasi, ambao hufungwa kwenye bodi ya gari. Kutoka kwenye redio, kila spika ina nyaya zake mbili.

Njia hii ni kama mfereji wa maji. Ukibomoka mahali pamoja, shamba la chini halipati maji. Gari hutikisika kila siku, na maungio ya nyaya hulegea.

Tazama kabla ya kufungua

1. Je, spika zote hunyamaza pamoja, na taa ya redio huzimika? Basi umeme haufiki vizuri kwenye redio. Kagua fyuzi, waya wa chanya na waya wa hasi.

2. Je, spika zote hunyamaza, lakini taa ya redio inawaka? Huenda waya wa spika umechubuka na unagusa bodi ya gari. Redio nyingi hukata sauti zenyewe ili zisiungue. Hufanya hivyo pia zikipata joto kali.

3. Je, ni spika moja tu inayonyamaza? Basi mara nyingi kosa liko kwenye nyaya za spika hiyo, au kwenye spika yenyewe. Kama iko mlangoni, fungua na kufunga mlango polepole huku ukisikiliza. Nyaya za mlangoni hupita karibu na bawaba. Hukunjwa kila mlango unapofunguliwa. Waya unaweza kukatika ndani, na nje ukaonekana mzima.

Kupima spika

Zima redio. Toa nyaya mbili za spika. Chukua betri moja ya tochi, ya volti 1.5, na vipande viwili vya waya. Unganisha betri na vyuma viwili vya spika kwa muda mfupi sana. Spika nzima italia "tak". Isipolia kabisa, imekufa. Usitumie betri ya gari kwa kazi hii. Itaunguza spika.

Kutengeneza

Zima gari. Ondoa waya wa hasi kwenye betri kabla ya kugusa nyaya. Redio nyingine huomba namba ya siri umeme ukirudi. Hakikisha unayo namba hiyo kwanza.

Chukua kalamu na karatasi. Andika rangi ya kila waya na mahali unapokwenda. Usitegemee kichwa peke yake.

Waya uliokatika uunganishe upya. Kwangua ncha zake mpaka zing'ae, zisokote pamoja, kisha uzifunge kwa utepe wa umeme. Ukiweza, mwombe fundi azitie risasi. Waya wowote usiachwe wazi.

Hatari ya fyuzi

Fyuzi ni mlinzi. Umeme ukizidi, fyuzi hukatika ili nyaya zisiungue. Fyuzi ya ampea 10 ikikatika, weka nyingine ya ampea 10. Watu wengine huweka waya, au karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Hilo ni kosa kubwa. Nyaya zinaweza kuungua na gari likashika moto. Fyuzi mpya ikikatika tena, huenda kuna nyaya zinazogusana. Mwite fundi.

Dereva wetu je?

Mwishowe dereva alikwenda kwa fundi. Fundi alimwuliza swali moja tu: "Sauti ikikatika, taa ya redio huzimika?"

"Ndiyo, huzimika," alijibu dereva.

Fundi alichomoa redio. Waya wa hasi ulikuwa umefungwa kwa nati iliyolegea, yenye kutu. Akaikwangua, akaikaza. Sauti haikukatika tena.

Spika za zamani zilikuwa nzima. Lakini fedha za tairi zilikuwa zimekwisha.

Maswali

1. Kwa nini spika mpya hazikumsaidia dereva?
2. Taa ya redio inatufundisha nini?
3. Kwa nini ni hatari kuweka waya mahali pa fyuzi?
4. Je, umewahi kununua kifaa kipya kabla ya kujua kosa la kile cha zamani? Waeleze wenzako darasani.