Ukitoka mbioni usikimbilie maji tu

Jumapili moja jioni bwana mmoja alinipigia simu akiwa na wasiwasi mwingi. Mkewe, karani mwenye umri wa miaka 38, alikuwa amekimbia kilomita 42 hapa Nairobi asubuhi hiyo kwa muda wa saa tano na nusu. Sasa alikuwa akilalamika kuumwa na kichwa, ametapika mara mbili na hakuweza kukumbuka ilikuwa siku gani.

“Daktari, nadhani maji yamemwishia mwilini. Nimempa chupa tatu na bado hali inazidi kuwa mbaya,” akaniambia.

Nilimwomba aitazame pete ya mkewe. Ilikuwa imembana na vidole vilikuwa vimefura. Nikamwambia aiweke chupa chini na ampeleke hospitalini mara moja. Damu ilipopimwa, ilipatikana kuwa na milimoli 121 za sodiamu kwa lita, ilhali kiwango cha kawaida ni kati ya 135 na 145. Mama huyo alikuwa amekunywa maji mengi kuliko jasho alilotoa, kisha nyumbani akaongezewa mengine. Alitibiwa kwa maji ya chumvi kali kupitia mshipani, akaruhusiwa kwenda nyumbani baada ya siku mbili.

Jasho hutoka na chumvi. Isitoshe, mwili unaposhurutishwa kwa saa nyingi, hutoa homoni inayozizuia figo kutoa mkojo. Mtu anayepiga mafunda kwenye kila meza ya maji njiani hujaza maji ambayo hayana pa kutokea, na chumvi iliyobaki katika damu huzimuliwa. Maji hayo huingia katika seli, zikiwemo za ubongo, nao ubongo hauna nafasi ya kufura ndani ya fuvu. Katika marathoni ya Boston, Marekani, mwaka wa 2002, watafiti waliwapima damu wakimbiaji 488 waliomaliza. Asilimia 13 walikuwa na upungufu huo wa chumvi, na watatu kati yao walikuwa katika hatari ya kufa. Waliokumbwa zaidi ni wale walioongeza uzani wakiwa mbioni na wale waliokimbia kwa zaidi ya saa nne. Mshindi hana wasaa wa kunywa kiasi hicho. Hatari hii ni yetu sisi wa nyuma.

Kwa hivyo, kabla ya kuuliza unywe nini, jua umepoteza kiasi gani. Jipime uzani kabla ya mazoezi na baadaye, ukiwa umevua nguo zenye jasho. Kilo moja iliyopungua ni takriban lita moja ya maji. Ikiwa utakimbia tena jioni au kesho alfajiri, kunywa kama lita moja na nusu kwa kila kilo, polepole, kwa muda wa saa kadhaa. Ikiwa utapumzika, kiu yako na chakula cha kawaida chenye chumvi vyatosha. Na mizani ikionyesha kwamba umeongezeka, usinywe chochote hadi upate mkojo.

Sasa tuje kwenye kinywaji chenyewe. Wagonjwa wangu wengi hudhani dawa iko katika zile chupa za rangi za supamaketi. Vinywaji hivyo vilianzia Chuo Kikuu cha Florida mwaka wa 1965, vikitengenezewa wachezaji wa kandanda ya Kimarekani, na havina ubaya. Vina maji, sukari na chumvi kidogo, na humfaa anayekimbia kwa zaidi ya saa moja na nusu. Lakini chumvi yake ni kidogo mno ikilinganishwa na ya damu, kwa hivyo ukivinywa kupita kiasi vitakuangusha vilevile kama maji. Tena usivichanganye na vile vya kusisimua mwili vyenye kafeini nyingi, ambavyo huwekwa rafu moja navyo. Soma kibandiko.

Mimi nikiulizwa, huwaelekeza jikoni. Watafiti waliochunguza chakula cha wanariadha wetu mashuhuri wa mbio ndefu, na kutoa matokeo yao mwaka wa 2004, walikuta kwamba zaidi ya robo tatu ya nguvu zao zilitokana na wanga na sukari, na kinywaji chao kikubwa mbali na maji kilikuwa chai ya maziwa yenye sukari. Maziwa yenyewe yana sodiamu, potasiamu, sukari na protini ya kujenga upya misuli iliyochoka. Nusu lita hukupa kama gramu 16 za protini. Majaribio yaliyofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka wa 2007 yalionyesha kwamba maziwa hukaa mwilini muda mrefu kuliko maji matupu. Wenye matumbo yasiyopatana na maziwa mabichi wajaribu mala, kwa kuwa sehemu ya sukari ya maziwa imekwisha kupunguzwa na uchachu. Uji wa maziwa nao ni mzuri. Walio Mombasa wana madafu, ila madafu yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo. Yanywe pamoja na mihogo iliyotiwa chumvi.

Bia ingoje. Najua wengi huahidiana bia kwenye utepe, lakini pombe huongeza mkojo na kuchelewesha mwili kurudisha maji. Usimeze ibuprofen pia siku ya mbio, kwani huzitesa figo ambazo tayari zina kazi nzito. Mwenye kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa wa figo aonane na daktari wake kabla ya kuongeza sukari au chumvi.

Mkojo ukitoka na rangi ya kola, au mkimbiaji akianza kutapika, kuchanganyikiwa au kutetemeka kwa kifafa, mpeleke hospitalini bila kumpa kinywaji. Ukifika, mwambie daktari tangu mwanzo kwamba mgonjwa ametoka mbioni na amekunywa chupa ngapi. Asipoambiwa hivyo, ni rahisi kudhani amekaukiwa na kumtundikia maji mengine.